Kichwa Kisiguse Sahani

Jambo hili nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia sokoni Voi, ambako limeshatiwa chumvi.

Shamba letu la mkonge lilipoletewa kompyuta, fundi kutoka Mombasa alinionya: "Karani, adui ni vumbi. Kichwa kikigusa sahani iliyo humu ndani, yote yaliyohifadhiwa yamefutika." Nikaitikia. Nimemaliza kidato cha nne. Ningeulizaje maana ya kichwa?

Nikaamuru kila anayeikaribia mashine ajifunge kitambaa kichwani. Mimi nilivaa kofia ya sufu niliyotoka nayo Werugha, kwetu milimani kwenye baridi, katika joto la Voi. Kisha nikachoma kadi zote za wafanyakazi, kwa kuwa miaka yao ya kazi ilikuwa imeshaingia kwenye sahani.

Jumatatu niliona vumbi jekundu juu ya mashine. Nikafungua kifuniko, na Mama Mghoi, mfagiaji wetu, akapangusa sahani kwa tambara. Nilipoiwasha, ililia kama msumari kwenye bati.

Fundi alirudi, akamulika mkwaruzo wa duara. "Nani alifungua?"

"Ni sisi," akasema Mama Mghoi. "Lakini vichwa tulifunika, hata karani."

Fundi aliitazama kofia yangu. "Kichwa ni cha mashine, bwana. Ni kile kidude kinachosoma sahani."

Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Mwakio, aliyekata mkonge wetu tangu ujana wake. Alikuja kuchukua barua ya kustaafu.

"Karani," akauliza taratibu, "kwani kadi yangu iko wapi?"