Mohito ya Barafu ya Mwaloni

Nilichoka kuwa mkalimani wa wanaume wawili wanaoongea Kiswahili kilekile, ndani ya sebule ileile.

Mmoja ni baba yangu, mvuvi mstaafu wa Kibara. Mwingine ni mume wangu, mtoto wa wafugaji wa Butiama, ambaye naishi naye hapa Iringo, mjini Musoma. Wote wawili walilelewa wakijua kwamba mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, na heshima hiyo waliielewa kuwa ni kutotazamana wala kusemeshana. Baba akija mjini alikuwa anakaa ukingoni mwa kiti cha mlangoni, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Mume wangu anakaa kule kwenye friji. Mazungumzo yote yanapitia kwangu.

"Mwambie mwenzako mvua Kibara imenyesha," Baba anasema.

Mume wangu amesikia. Hata jirani amesikia. Lakini anasubiri mpaka nigeuke.

"Baba anasema mvua imenyesha."

"Mwambie mzee tunashukuru. Hata Butiama imenyesha."

Nageuka tena. Shingo imeniuma miaka mingi kwa sababu ya mvua za mkoa huu.

Ningeendelea kuvumilia kama si macho ya Baba. Alikuwa na mtoto wa jicho, na hospitali ya hapa mjini ilikuwa imempangia Jumatano kufanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza. Baada ya hapo alitakiwa kuwekewa dawa ya matone kila siku, na kule Kibara anaishi peke yake tangu Mama afariki. Nikamwandalia chumba cha uani, chenye mlango wake kabisa. Akakataa.

"Mimi nilale kwa mkwe? Nikohoe, mkwe ananisikia? Bora nibaki sioni."

Hakuwa anatania. Namjua baba yangu, alikuwa tayari kupofuka kwa adabu. Aliniambia atakuja Jumapili kunipa jibu la mwisho, na kwa sauti yake nilishalijua.

Nikawaza kwamba wakinywa kitu kimoja, wakiwa wamekaa, labda midomo italegea. Bia ilikuwa haiwezekani, maana tangu msiba Baba aliacha kila kitu akabaki na chai ya rangi, akisema vinywaji vyote vina ladha ya maji. Ila kabatini nilikuwa na chupa ya ramu niliyopewa zawadi na mfanyakazi mwenzangu, na kwenye simu nilikuwa nimeona kinywaji kinaitwa mohito. Unaweka ramu, ndimu, sukari, majani ya mnanaa, maji ya soda na barafu nyingi. Nikajiambia kwamba chenye majani na ndimu naweza kukiita juisi mbele ya mtu yeyote.

Mnanaa nilimtuma mume wangu. Akapanda pikipiki mpaka Nyegina, ambako kuna sista wa misheni mwenye bustani nzuri. Alirudi na mfuko umejaa, pamoja na sala ya kuombea kifua, kwa sababu sista hakuamini kwamba mtu anaweza kubeba mnanaa wote ule kama nyumbani hakuna mgonjwa.

"Simu inasema majani yapondwe kidogo tu," nikamwambia, nikaingia jikoni kukamua ndimu.

Mume wangu hana kidogo. Niliposikia nyumba inatetemeka nikatoka, nikamkuta uani amevua shati, ameshika mchi, anatwanga mnanaa kwenye kinu cha kisamvu. Tayari ulikuwa umegeuka mlenda.

"Hii tunakunywa au tunalia ugali?"

"Sasa ladha itatokaje, mama watoto?"

Hapo ndipo nilipofungua friji nikakumbuka kwamba umeme ulikatika tangu alfajiri. Vibakuli vya barafu vilikuwa vina maji. Baba alishapiga simu kwamba amefika Bunda na amebadilisha gari. Nikataka kulia, nikamfokea mume wangu kwanza, ingawa umeme si yeye aliyeukata. Alivaa shati akaenda anakoenda kila mtu wa Musoma anayetaka barafu kwa haraka, yaani mwaloni, kule ufukweni kwa watu wa samaki. Akarudi na bonge kubwa ndani ya kiroba.

"Nimeiosha," akasema.

Baba alipofika, akakaa kwenye ukingo wake. Nikachuja ule mlenda kwa chujio la chai, nikachanganya kila kitu kwenye jagi. Rangi yake ilikuwa ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Nikampa glasi, nikasema ni juisi yenye nguvu kidogo.

Alionja. Akaonja tena, akatafuna kipande cha jani kilichoponyoka kwenye chujio.

"Mwambie mwenzako," akasema, "barafu hii ilikuwa imelaliwa na sangara."

Nikaonja yangu. Ni kweli, ndani ya ndimu na mnanaa kulikuwa na samaki, tena hajifichi. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikageuka kwenye friji kutafsiri, na kabla sijafungua mdomo mume wangu akasema, "Si sangara. Ni sato."

Hakuniambia mimi. Alimwambia Baba.

Baba aligeuza yale macho yake yenye ukungu taratibu.

"Nani anasema sato?"

"Mimi, baba."

"Wewe wa Butiama."

"Ndiyo, baba."

"Kule mnavuaga nini? Mbuzi?"

"Mbuzi tunachungaga. Lakini samaki nawajua. Huyu ni sato."

Nikabaki katikati nimeshika jagi, sina kazi. Baba akasogeza kiti. Akasogeza tena, mpaka magoti yake yakakaribia meza ambayo hajawahi kuigusa. Akaomba glasi nyingine, akisema kesi haiamuliwi kwa ushahidi mdogo. Mume wangu akajimiminia naye, akanywa mbele ya mkwe wake, akasisitiza sato. Baba akamwambia sato ana utamu na sangara ana mafuta, na kwamba mtu aliyekua kwa maziwa hawezi kutofautisha. Mume wangu akasema maziwa hayazibi pua. Baba akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko chake kinaanza na kikohozi.

"Marehemu mama yake huyu," akasema akininyooshea kidole bila kunitazama, "alikuwaga ananusa mikono yangu mlangoni, anajua nimevua nini. Hakukosaga hata siku moja. Angekuwepo, angekuaibisha."

Tangu tumzike Mama hakuwahi kumtaja. Nilienda jikoni kutafuta ndimu ambazo sikuzihitaji, nikalia kidogo, nikarudi.

Nikamkuta Baba ameshatoa hukumu. "Jumatano nafanyiwa jicho. Wakishafungua bandeji, tunaenda mwaloni mimi na wewe. Nataka nimtazame huyo muuza barafu vizuri. Hicho chumba cha uani kina chandarua?"

Alimuuliza mkwe wake.

"Kipo, baba."

Baadaye nilikuwa naosha glasi, mume wangu anazifuta.

"Ilikuwa sangara," akasema.

"Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyeitoa chini ya sangara. Wakubwa hivi."

"Sasa mbona ulimbishia mzee wa watu?"

Akachungulia sebuleni, ambako Baba alikuwa amelala kwenye kochi letu, viatu amevua.

"Ningemkubalia, angekwambia uniambie asante, halafu angeondoka na gari la saa nane."