Mimba ya Shangazi

Shangazi yangu alishika mimba kabla sijang'oka meno ya utotoni, na nilipovaa kofia nyeupe ya unesi mimba ilikuwa ingali tumboni. Nikisimulia hivi watu hucheka. Wacheke tu. Mimi niliishika kwa mikono yangu miwili na sijapata kuicheka.

Alikuwa ameolewa Werugha, juu kwenye ukungu wa milima ya Taita, ambako nguo ikianikwa asubuhi hukusanywa jioni ikiwa na maji yale yale. Mimba ile ilikua kama mimba nyingine. Uchungu ukaanza, wanawake wakakusanyika, maji yakachemshwa, kisha uchungu ukakoma wenyewe. Mtoto hakutoka, na tangu siku hiyo hakucheza tena. Wanawake walikaa hadi wakachoka, wakarudi kwao. Shangazi alisema mtoto amelala, ataamka akitaka.

Akaanza kuishi maisha ya mja mzito asiyezaa. Hakwenda mazikoni, maana kwetu mwenye mimba hatazami maiti. Hakubeba mtungi kwenye miteremko. Jioni aliketi kwenye tuta la shamba, mkono mmoja chini ya tumbo, akiongea kwa sauti ndogo na aliyemo. Tumbo lilipungua kidogo, likawa gumu. Nikiwa kwake likizo moja alinishika mkono akauweka pale, akaniambia nibishe hodi. Nilibisha kwa kifundo cha kidole, na ngozi ya shangazi yangu ikajibu kama mlango. Nilitoka nje mbio. Likizo yote sikukubali kulala chumba kimoja naye.

Mama mkwe wake alikuwa mwanamke mkavu, mwenye ulimi wa kukata kuni. Mwaka wa kwanza alimpikia mkaza mwanawe uji wa maziwa kila asubuhi. Uji ukapungua maziwa, kisha ukakoma kabisa. Akaanza kusema kisimani kwamba lile tumbo ni matambara. Wanawake walipomwona shangazi akioga na kumhakikishia si matambara, akasema basi kilichomo si mtu. Alitaka mwanawe aoe mwingine na huyu arudishwe kwa baba yake. Mume alikuwa kibarua wa reli, mtu mpole kupita kiasi, asiyesukuma wala kuvuta. Upole wa namna hiyo hunikasirisha mpaka leo.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nesi katika hospitali moja ndogo kule bondeni, upande wa Voi. Siku moja nikaitwa mlangoni. Lori la mboga lilikuwa limesimama, na juu ya magunia ya kabichi alilala shangazi, akitapika maji ya kijani. Mama mkwe alikuwa ameketi kando yake. Hakuja kwa huruma, na hakuficha. Aliniambia pale pale kwamba amekuja kuona kwa macho yake. Daktari akipasua na asikute mtoto, shangazi hatapanda tena mlima ule; atatoka hospitalini moja kwa moja hadi kwa ndugu zake. Nilipomtazama shangazi, niliona wazi kwamba kufa alikuwa akikuogopa kidogo, na kufukuzwa akikuogopa zaidi.

Daktari mpasuaji alikuwa Mzungu mrefu, mwenye Kiswahili cha kuamrishia tu. Alibonyeza tumbo, akaweka kipembe cha kusikilizia, akasema ni uvimbe. Akaniuliza mgonjwa ana mimba ya miezi mingapi. Nikamjibu kwamba ni miaka. Alinitazama kana kwamba nimekunywa pombe kazini.

Jenereta likawashwa, picha ya eksirei ikapigwa. Ilipokauka aliinyanyua dirishani, nami nikasimama nyuma ya bega lake. Niliona mifupa ya nyonga ya shangazi, na juu yake, kwa upande, nikaona mifupa ya mtu mwingine. Uti mdogo wa mgongo ulikuwa umejikunja kama mtungo wa ushanga uliotupwa mezani. Kichwa kilikuwa kimeegemea nyonga. Nikasikia baridi miguuni ilhali nje jua la Voi lilikuwa likichoma mabati.

Baadaye alinieleza. Mtoto alikua nje ya mfuko wa uzazi, mahali pasipo na mlango, akafia humo. Mwili ukishindwa kumtoa wala kumwozesha, humfunika kwa chokaa kidogo kidogo, kama birika linavyoshika gamba la chumvi kwa maji yetu ya Voi. Sasa utumbo ulikuwa umejinasa kwenye lile jiwe, na bila kupasuliwa mgonjwa angekufa.

Nilimweleza shangazi kwa Kidawida, lugha ya kwetu, nikichagua maneno. Hakuuliza kuhusu kisu. Aliuliza jambo moja.

"Akitolewa, ataitwa mtoto ama ataitwa ugonjwa?"

Nilimuuliza daktari, naye akaniambia ninawe mikono.

Tulimpasua asubuhi iliyofuata. Harufu ya etha, dawa ya usingizi, ilijaa chumbani, nzi wakawa wanagonga wavu wa dirisha. Daktari alikata kuanzia chini ya kitovu, akaingiza vidole, akaanza kuubandua utumbo polepole, hapa kwa kidole, pale kwa mkasi. Ilikuwa kazi ndefu. Kisha akakitoa kitu kwa mikono miwili na kukiweka kwenye beseni la bati. Nilikuwa nimeshuhudia watoto wengi wakiwekwa katika beseni lile. Huyu aligonga bati. Msaidizi aliyeshika etha alianza kusali, na daktari akamwambia asali bila kuachia kichwa cha mgonjwa.

Mtoto alikuwa wa kijivu, magoti yamekunjwa, kidevu kifuani. Sikio moja lilikuwa kamili, na mikunjo yake yote. Mikono yangu ilimchukua na kuanza kumpangusa kabla sijaiambia kitu, kwa mazoea. Nilimpangusa uso, nikamgeuza, nikajikuta nimetulia nikisubiri alie. Nilipotambua ninachosubiri, nilimrudisha kwenye beseni.

Utumbo ulipona, shangazi akapona. Daktari alisema atamtia yule mtoto kwenye chupa ya spiriti awapelekee wanafunzi wa udaktari. Nilikasirika, lakini nikasubiri shangazi mwenyewe apate fahamu sawasawa. Alipopata, daktari alikuja kumwangalia mshono. Mama mkwe alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. Shangazi akaniambia nimuulize daktari kama ni wa kike ama wa kiume.

Nilitafsiri. Daktari aliagiza beseni. Mimi ndiye niliyempangusa yule mtoto, na nilijua mapaja yake yalikuwa yameshikana ndani ya gamba, wala pale hapakuonekana kitu. Daktari aliinama, akamgeuza, akatazama kwa muda. Akamtazama mgonjwa. Akamtazama na yule kikongwe ukutani. Kisha akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Msichana. Mtoto msichana."

Labda aliona kitu kwenye picha ambacho mimi sikukiona. Sikumuuliza.

Katika ukoo wao binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Halijadiliwi. Na tangu siku ya kupewa jina bibi humwita mkaza mwanawe mama, maana amemzaa upya. Shangazi, kwa sauti iliyokauka, akamwita mtoto kwa jina hilo.

Kikongwe aliinuka kwa kushika ukuta. Alikuja hadi kwenye beseni akachungulia. Miaka yote aliyokuwa akitukana kisimani, aliyekuwa akimtukana ni wajina wake, naye amelala pale pale akisikia. Aliweka kidole kwenye lile sikio. Nilitazama uso uliochungulia, kisha nikatazama uso wa ndani ya beseni, ile mikunjo na kile kidevu, nikaogopa. Nilitamani mmoja wao afumbe macho.

"Huyu si wa chupa," aliniambia. "Mwambie daktari."

Nilimwambia. Daktari akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kikongwe alivua kanga yake ya mabegani, akamfunga yule mtoto mgongoni kama afungwavyo mtoto yeyote, akakaza fundo kifuani. Uzito ulimvuta nyuma, akasimama vizuri. Lori la kupanda mlimani lilikuwa likipiga honi barabarani. Akainama juu ya kitanda.

"Mama," akamwambia shangazi, "mimi natangulia naye nyumbani. Ukipata nguvu, uje."

Shangazi alilishika fundo la kanga, akaliachia.

"Haya, mwanangu," akaitikia.