Salamu ya Marehemu Mume Wangu

Programu ya mizigo katika seva ya ofisi yetu, pale Makadara, aliiandika mume wangu. Aliifanya kaidi kama yeye: ukiifungua inakuamkia kwanza, na usipojibu haikupi kazi. Alipofariki nikakaa eda, kisha nikarudi kazini nikaweka programu mpya. Hiyo ikaja na toleo jipya la maktaba, yaani mafaili ya pamoja ambayo programu zote mbili ziliyategemea, likafuta la zamani, na ya mume wangu ikagoma.

Niliitukana mashine, nikajitukana na mimi. Mwishowe nikalipata toleo la zamani kwenye disketi zake, nikalitengea folda yake, nikaielekeza programu huko. Ikafunguka: “Umeamkaje, mke wangu?”

Jibu inalokubali ni moja tu: salama. Nilikaa mpaka adhuhuri, sikuweza kuliandika.