Baragumu la Babu

Jamani, wiki hii napita njia za nyuma tu. Dada Naomi, anayesoma uzamili wa historia ya umma, alikuja kijijini kwetu, milimani huku Same, kuandaa maonyesho ya vitu vya zamani. Mimi wa kidato cha nne nilimbebea begi, nikiomba moyoni anichague niwe mwelezaji wa wageni.

Nyumbani kwetu akashika baragumu la babu. "Hili lililiaje?"

Nikaona bahati ndiyo hiyo. Nikapanda juu ya jiwe, nikapuliza mpaka mashavu yakauma. Dada akarekodi, akapiga makofi. Nikapuliza tena.

Kumbe nimesahau kwamba kwetu baragumu bado linaita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja kama kutengeneza mfereji wa maji. Mara kijiji kizima kikatokea migombani na majembe, mama yangu mbele.

"Shikamooni," nikasema, baragumu mkononi.

"Marahaba. Mfereji umebomoka wapi?" mwenyekiti akauliza, anahema.

"Haujabomoka, baba. Ilikuwa... historia."

Mama akatua jembe lake chini, akajifuta jasho.

"Si kila siku unaniambia unataka watu uwaeleze historia? Haya, hawa hapa. Waeleze."