Ngozi Iliyomfuata Msasa

Kaka yangu tulimwita Msasa, na kazi yake ilikuwa kukwangua matumbo ya meli. Alipiga mbizi na kisu kipana, akabandua kila kilichoganda huko chini. Meli moja aliikwangua hadi ikawa inateleza hata ikiwa imetia nanga. Nahodha akafika aendako kabla hajaamka. Anayebisha akamuulize nahodha.

Nyumbani ukoko wa sufuria ulikuwa wake. Wifi yangu, mkewe, alilalamika kwamba sufuria zimekuwa nyembamba hadi unamwona jirani upande wa pili.

Wifi alifuga chaza. Aliwaning'iniza kwenye kamba sitini kule ghubani, na nyumba nzima ilikula kwa kamba hizo.

Wakwanguaji walikuwa na kanuni moja: meli itokayo mbali ipandishwe nchi kavu, ikwanguliwe huko, taka zake zizikwe. Siku moja ikaja meli kutoka mbali, ina haraka. Msimamizi akamwambia Msasa, "Ikwangulie humo humo majini."

"Na taka?"

"Zimetoka baharini, zinarudi baharini. Nani kaibiwa?"

Msasa akazama. Akakuta ngozi ya rangi ya chungwa, laini kama uji ulioganda, imejaa vitundu. Alipoigusa, vitundu vyote vikafumba kwa pamoja, kama midomo. Akakwangua. Vipande vikachukuliwa na mkondo kuelekea ghubani. Baadaye aliniambia ni kama vilikuwa vinaijua njia.

Miezi ikapita. Wifi akavuta kamba, ikaja nzito. Chaza hawaonekani, wamevikwa ile ngozi, hawapumui.

"Baba watoto, njoo uone mdudu gani huyu!"

Msasa aliona, akachukua kisu. Aliikwangua kamba ile kutwa, akiwa ndani ya maji, mpaka ikang'aa. Baada ya wiki mbili kamba kumi zikavaa ngozi. Akazikwangua kumi. Zikavaa thelathini.

Basi ikamwingia. Hakai kitini bila kupapasa chini yake. Hanawi uso bila kuchungulia beseni. Alisema akiinamia maji anasikia vile vidomo vikifumba. Mimi mwongo, mnanijua, lakini hili sikulitunga: nilimkuta anajikwangua kisigino hadi damu.

"Dada, ni mimi niliyeileta."

"Mwambie mkeo."

"Ataondoka."

"Na chaza wakiisha? Utabaki wewe na ngozi yako, mkwanguane."

Asubuhi moja Msasa akaenda kutazama ndoo ya maji ya bahari aliyokuwa ameweka kibarazani. Kipande alichokitupa humo kilikuwa kimejishika, kimetambaa hadi ukingoni. Pembeni, juu ya ngazi, kipande kingine kilichoanguka kilikuwa kimekauka, kinapukutika kama ganda la kitunguu. Hapo akaelewa alichokuwa akikifanya ghubani siku zote hizo. Alikuwa anaipanda, kama vipande vya muhogo.

Akamwita mkewe, akasema yote: meli, msimamizi, kisu.

Mimi nikaanza kutafuta viatu vyangu. Wifi akauliza, "Dawa yake?"

"Jua. Tuzitoe kamba zote sitini. Lakini sijui nani atatangulia kufa, ngozi au chaza."

Tulizianika uani. Chaza wakabana magamba. Ngozi haikuwa na cha kubana. Ikatema maji, tss, tss, siku mbili, na Msasa amekaa katikati yake ameziba masikio. Siku ya tatu ikapukutika. Wifi akagonga chaza mmoja mmoja kwa ukucha. Wa kamba ishirini na mbili walikuwa hai. Wengine wote walikuwa wameachama.

Wifi hakuondoka. Alirudisha ishirini na mbili zake majini, na kila mwezi huzitoa akazianika, maana kwenye mawe ya bandari ile ngozi ipo, na hakuna wa kuyaanika mawe.

Siku moja wifi akamsamehe. Alimsukumia sufuria yenye ukoko mnene. "Haya, fundi. Kwangua."

Msasa akautazama ule ukoko na vitundu vyake. Akaibeba sufuria kwa mikono miwili, akatoka nayo nje, akaiweka juani kwanza.