Kaka Zangu na Miguu ya Baba

Watu huniuliza nimekula nini hata nikafika umri huu nikiwa bado napanda kilima cha Kibeta bila kushika kiuno. Huwajibu kwamba sikula. Mwanamke wa nyumba yetu alipata makombo na kazi, na waliotunyima hawakujua kwamba walikuwa wanatutunza. Aliyelishwa vizuri alikuwa baba.

Wakati wa Mwingereza, bei ya kahawa ilipopanda, kaka zangu wawili walipata fedha upesi kuliko akili. Walinunua kahawa kwa wakulima wa Muleba na kuiuza Bukoba mjini. Walijenga nyumba ya bati, wakanunua viatu vinavyolia vikitembea kanisani, kisha wakamgeukia baba. Mzee wa watu alikuwa amekula chumvi nyingi, mwembamba, mkavu, lakini kila asubuhi yumo kibanjani, shamba letu la nyumbani, na mundu wake, anapogolea migomba, anashuka bondeni na kupanda. Kaka zangu waliona haya. Kwetu siku zile mzee mwenye watoto wenye uwezo hakuonekana akitoka jasho. Kazi hiyo ilikuwa ya vibarua waliotoka Urundi. Wakaajiri vibarua, wakamnunulia baba kiti cha kuegemea, wakamweka barazani ambapo wapita njia wangemwona.

Akala. Ndizi zilipikwa kwa samli na nyama, chai ikatiwa sukari kwa fujo, na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, hakikukauka. Baba akanenepa. Wageni walikisifu kitambi chake mbele yake, na kaka mkubwa alikitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimeachika na kurudi nyumbani, kwa hiyo nilikuwa mtu wa kufua na kunyamaza. Ndimi niliyeona kwamba baba anamaliza mtungi wa maji peke yake, na kwamba kaa la moto lilimwangukia kwenye kidole cha mguu naye akaendelea na mazungumzo. Niliwasumbua kaka zangu mpaka wakampeleka hospitali. Daktari Mzungu alisema ni ugonjwa wa sukari. Aache pombe na chai tamu, apunguze chakula, atembee kila siku na ashike kazi za mikono kadiri anavyoweza, la sivyo miguu itaoza na itabidi ikatwe. Kiswahili chake kilikuwa kibovu, lakini hakuna aliyekosa kuelewa.

Baba alielewa kuliko wote. Asubuhi iliyofuata alichukua fimbo, akatembea hadi Ijuganyondo na kurudi, jasho linamtiririka, uso umechangamka. Ikawa ndiyo desturi yake. Aliomba mundu wake. Alikataa samli. Haukupita muda mrefu mkanda wake ukaanza kulegea, na nikamsikia akiimba katikati ya migomba. Nilimpenda sana baba asubuhi zile.

Kisha Jumapili moja, nje ya kanisa, jirani mmoja akamwambia kaka mkubwa mbele za watu: "Mzee wenu mmemnyima nini? Namkuta barabarani kama mtu anayetafuta kibarua."

Kaka alirudi nyumbani moja kwa moja. Alipiga magoti mbele ya baba, maana adabu ya magoti alikuwa nayo.

"Waitu Tata, baba yetu, unatuvua nguo. Watu wanasema hatukulishi."

"Daktari amesema miguu itaoza."

"Daktari hana baba hapa. Wanaotazamwa ni sisi."

"Mwanangu, niache nitembee. Nakuomba."

Sijawahi kumsikia mzee wa Kihaya akimwomba mwanawe namna ile, na natamani nisingesikia. Kaka aliinuka, akachukua fimbo na mundu, akaenda kuvifungia dukani kwake Hamugembe. Mimi aliniambia kwamba nikimpa baba jembe, nitafute pa kulala. Vibarua waliamriwa kumrudisha kila akikaribia njia. Walimrudisha kwa upole mkubwa, wakimshika kiwiko, wakimwita bwana mkubwa. Samli ikarudi mezani. Mwanzoni baba alikula huku analia. Baadaye alikula tu.

Kidonda kilianza kisiginoni, kidogo, na yeye hakukisikia. Nilikiosha, nikakifunga, na harufu ikazidi kuwa mbaya. Hospitalini walikata mguu wa kulia, kisha wakakata na wa kushoto. Kaka zangu walilia sana kule wodini, kwa sauti, kama wanavyolia watu wasio na hatia.

Siku ya kumrudisha walikodi wabebaji wa machela, wakampitisha barabara kuu, wakaiacha njia ya mkato. Wanawake walipiga magoti pembeni, wanaume wakavua kofia. "Huyu mzee ana watoto," walisema, "hakanyagi chini." Baba alikuwa amefunikwa shuka jeupe hadi kifuani, macho wazi. Yule jirani wa kanisani alikuja kumpa kaka mkono na kumpongeza kwa kumtunza mzazi. Kaka alitabasamu, akapigapiga shuka pale palipokuwa patupu.

"Sasa hata akitaka kututia aibu," alisema, "hawezi."

Wote wakacheka, na baba akajitahidi kucheka nao.