Plasta Haishiki Ngozi ya Mafuta

Madam alikuja mjengo kule Kware tukiwa orofa ya sita, akauliza foreman ni nani hapa anatoa jasho mingi. Wasee wote wakaninyooshea kidole. Hivyo ndivyo nilipata kazi ya sayansi, mimi mtu wa darasa la nane.

Alikuwa na kampuni ndogo Donholm, vyumba viwili juu ya hardware. Walikuwa wanatengeneza plasta ya dawa ya maumivu. Si ile ya kidonda. Hii unabandika kwa ngozi, dawa inaingia polepole siku tatu, humezi kitu, hudungwi kitu. Lakini dawa yenyewe ilikuwa bado. Kwanza alikuwa anatafuta gundi itakayokaa siku tatu kwa mtu anayebeba mawe na kuogea beseni. Sisi tulikuwa tunabandikwa plasta tupu. Tulikuwa sita, mmoja wetu mzee fundi wa mawe.

"Mimi si daktari," aliniambia siku ya kwanza, akinibandika nne mgongoni.

"Sawa, daktari."

Hakucheka. Akatupa sheria moja tu. "Mkishaoga, msipake mafuta. Hata kidogo. Gundi haishiki ngozi ya mafuta."

Tukaitikia kama kwaya, ndiyo madam. Jioni hiyo wote sita tukajipaka.

Hakuna aliyemshawishi mwingine. Ni vile tu umelelewa. Tangu ukiwa mtoto, mathe anakuoga, anakukamata shingo, anakupaka mafuta ya kopo mpaka unang'aa kama sufuria mpya. Mtu akitoka nje amepauka, watu hawaulizi kama ni sayansi. Wanauliza kama kwao kuko na shida. Na ukitoka mjengo na simiti kwa mikono bila mafuta, unafanana na ile kitu ulikuwa unajenga.

Kila wiki tulijaza fomu. Je, inawasha? Je, imetoka? Je, ulipaka mafuta? Hapo mwisho nilikuwa naandika hapana, na mwandiko mzuri. Pale kwa "maoni mengine" niliandika plasta namba tatu ilinitoka ikaenda kwa shati ya jirani na sasa wanaishi pamoja. Madam alisoma, akainua macho, akarudi kwa kompyuta yake. Alikuwa amechoka. Gundi zake zote zilikuwa zinatoka, na hakujua kwa nini.

Kwa hivyo akazidi kuikaza gundi. Mwezi wetu wa tatu akaleta moja ya nguvu kabisa. Hiyo ilishika, hata na mafuta. Siku ya kuitoa, ilitoka na ngozi ya mzee fundi, kipande kama stempu. Mzee akaangalia bega yake, akasema, "Sasa hapa nitapaka nini?" Tukacheka. Madam akatoka nje, akasimama kwa ngazi muda mrefu. Mimi nikavaa shati nikaenda kazi. Nilijua ni mafuta yetu. Sikusikia vibaya, sikusikia vizuri. Miezi hiyo sikuwa nasikia kitu sana.

Sababu ilikuwa nyumbani. Mathe alikuwa na kansa ya koo. Mwanzo alikuwa anakunywa mofini ya maji, kijiko kila masaa manne, maumivu yanashuka. Halafu koo ikafunga. Uji ukakataa, maji yakakataa, kijiko cha dawa kikawa kinarudi kwa leso. Alikuwa anauma leso ndio majirani wasimsikie. Mimi nilikuwa naketi kwa kiti, nakunywa chai, namwangalia kama mtu anaangalia mvua.

Anti yangu, dada ya baba, alikuja kutoka Kakamega kumuangalia. Mama wa nguvu, sauti ya soko. Na sista, nesi wa wagonjwa wa nyumbani, akatuambia amepata plasta za mofini. Si mofini haswa, akasema, ni dawa ya ukoo huo. Zimetoka ng'ambo, ni chache, tano tu. Kila moja inakaa siku tatu.

Nikasema moyoni, wacha. Hii kitu ya madam iko kweli.

Jumatano asubuhi, kabla sista afike, Anti alimuoga mathe. Halafu akachukua kopo. Akampaka miguu, mikono, kifua, mabega, akimwambia, "Wifi, lazima sista ajue unaangaliwa." Mathe alikuwa mifupa, lakini alikuwa anang'aa.

Sista akafika, akavaa glavu. "Hapa kifuani hamjapaka kitu?"

"Hapana, sista," Anti akasema, bila kupepesa jicho.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa nasikia ile harufu ya kopo. Mtu wa miezi mitatu ya gundi, nilijua yote. Lakini huwezi kumwambia Anti anadanganya mbele ya mgeni. Na tena, mimi ni nani wa kusema? Sista akapangusa na pamba, akabandika, akafinya, akaandika tarehe, akaenda.

Alisema dawa ingeshika kufikia kesho yake. Alhamisi haikushika. Ijumaa mathe alikuwa anauma leso zaidi ya mwanzo, jasho mpaka kwa mto.

Jumamosi asubuhi sikuenda kazi. Nikafungua blauzi yake. Plasta ilikuwa imeshikiliwa na selotepu, zile za kufunga zawadi, mistari minne. Chini yake ilikuwa imeinuka yote, inateleza.

"Anti, hii ni nini?"

"Ilianguka Alhamisi. Nikairudisha."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Sista afikiri tumeiharibu? Wewe mtoto, unaniuliza kama polisi."

Nikapigia sista simu. Akasema nitoe hiyo, niikunje, nimwekee. Nichukue mpya, nitafute mahali pengine, nioshe na maji pekee, nikaushe kabisa. Bila sabuni, bila mafuta.

Nikaleta beseni. Nikaanza kumpangusa mathe mkono wa juu, mara tatu, mara nne, kila kitambaa kikitoka na mafuta ya wiki nzima. Ngozi ikaanza kuwa jivu.

Anti akasimama mbele yangu. "Leo saa nane akina mama wa kanisa wanakuja. Unataka wamkute hivyo? Watasema alikuwa anakufa na hatumpaki hata mafuta."

"Anti, haishiki."

"Nani amekuambia?"

"Mimi. Miezi mitatu nimemwambia madam sipaki, na napaka. Plasta zake zote zimeanguka. Mzee wa watu ametolewa ngozi kwa sababu yetu."

Anti akaniangalia kama amenipata nikiiba sadaka. Halafu tukasikia sauti kutoka kitandani, nyembamba kama ya redio ya betri imeisha.

"Wacha nipauke," mathe akasema.

Nikabandika. Nikaweka kiganja juu yake nikahesabu mpaka thelathini, halafu tena thelathini, kwa sababu sikuwa na kazi ingine. Mkono wake ulikuwa moto. Mimi ndani sikuwa na chochote.

Saa nane akina mama wakaja na maombi na chupa za chai. Mmoja akaangalia ule mkono, akafungua mkoba, akatoa kopo yake ndogo, kimya kimya. Mama wa huku kwetu Eastlands hatembei bila kopo. Nikafungua mdomo, lakini Anti alikuwa ameshafika.

"Dada, rudisha hiyo."

"Nampaka tu kidogo, amekauka."

"Amekauka kwa sababu tumemkausha. Keti uombe."

Wakaomba. Mathe aliuma leso katikati ya maombi yote, na kufika jioni nikafikiri, basi, hata hii imekataa.

Jumapili Anti akaenda kanisa, mimi nikabaki. Mahali kama saa tano niliona leso imeanguka chini. Nikaiokota nimrudishie. Hakunyoosha mkono. Alikuwa amelala, mdomo wazi, vidole vimefunguka. Sikuwa nimeona vidole vyake vimefunguka tangu koo ifunge. Nikagusa plasta pembeni, pembe zote nne. Imeshika.

Nikangoja nisikie furaha. Haikuja. Nikaketi tu.

Halafu nikapigia madam, Jumapili hiyo hiyo, nikamwambia vile sisi hupaka mafuta. 

"Nyinyi wote?"

"Wote sita, madam."

"Hata mzee?"

"Yeye ndiye anapaka mingi."

"Miezi mitatu," akasema. "Kwa nini unaniambia leo?"

Nilitaka kumwambia kitu cha kuchekesha.  Mathe alikuwa ameanza kukoroma, mkoromo mkubwa, wa mtu mwenye afya. Nikamwambia madam angoje, nikaweka simu karibu na mdomo wa mathe, nikaishika hapo asikie.